Uso wa Pili

Kishikwambi kilijifungua chenyewe juu ya meza ya jikoni, kikiwa kimeegemezwa kwenye birika, kikikitazama kiti kitupu.

Mfamasia alikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu. Alisikia ule mlio mdogo, klik, ambao kifaa hutoa kinapoitambua sura ya mwenyewe. Kwenye kioo ulikuwa umeshatokea ukurasa wa kompyuta ya famasi ya hospitali, wazi kabisa, na majina ya wagonjwa waliosubiri dozi zao ziidhinishwe. Alijifuta mikono, akakifunga, akarudi kwenye vyombo. Kuidhinisha dawa akiwa nyumbani kulimfaa mno, na hakutaka kuanza kukichunguza kitu kilichomfaa.

Kazi hiyo alikuwa akigawana na dada yake mkubwa, mfamasia pia, mpaka dada alipofariki mvua zilipoanza. Kifaa kilikuwa kimoja na sura zilikuwa mbili. Kilimfungulia yeyote kati yao. Dada hakujaliwa subira. Ndiye aliyehifadhi humo neno la siri la kompyuta ya hospitali, akazima na kule kujifunga. "Kwani nani ataingia?" alisema siku hiyo akicheka. "Majini?" Baada ya mazishi, mdogo mtu hakuwa na moyo wa kuifuta sura ile. Aliona kama atakuwa anamzika tena.

Klik.

Safari hii alikuwa anatazama. Kiti kilisogea nyuma kidogo, kama kinavyovutwa na mtu anayetaka kukaa, na jikoni pakajaa harufu ya mafuta ya nywele ya dada, kisha chini ya harufu hiyo ikaja nyingine, ya udongo uliolowa. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo bila kidole cha mtu. Yakasimama kwenye jina la mama.

Mama yao alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Dozi yake ilikuwa nusu kidonge, na dawa yenyewe haina mchezo, ukiizidisha moyo unasimama. Mfamasia aliganda pale pale, akaona nusu ikifutika na nne ikijiandika mahali pake, akaona kitufe cha kuidhinisha kikibonyea, na alipopata nguvu ya kujirusha mezani na kukinyakua kile kishikwambi, akaona nyuma ya maandishi uso wa dada ukimtazama bila kupepesa, karibu mno, kama mtu anayechungulia dirishani ndani ya nyumba aliyowahi kuishi.

Akapiga simu wodini.

"Nesi, mama asipewe dawa ya moyo."

"Ndiyo kwanza nimeitoa, dokta. Vinne, umeidhinisha mwenyewe sasa hivi."

"Si mimi."

"Sasa ni nani?"

"Usimpe. Nakuomba."

"Haya, naviweka pembeni hapa."

Fundi wa kompyuta za hospitali aliishi nyumba ya pili. Alikuja na mwavuli na mizaha yake, lakini alipoinusa harufu ile mizaha ikamwisha.

"Mimi si mganga, dokta," alinong'ona. "Ila mlango alioingilia nauona."

Akaliondoa neno la siri lililohifadhiwa, akaweka jipya la kuandikwa kwa mkono kila mara, akaamuru kifaa kijifunge kikiachwa kidogo tu. Kisha akamsogezea.

"Sura ya pili ufute wewe. Ni ndugu yako."

"Si yeye huyo."

"Basi futa."

Machozi yalimtoka. Alimpenda dada yake kuliko alivyowahi kumwambia, na kitu kile kilichouvaa uso wake kilikuwa kinamtaka mama. Akabonyeza. Vijiko vikatetemeka kwenye droo, kiti kikaburuzwa mpaka ukutani, halafu kimya. Harufu ikatoweka. Wakakiegemeza kishikwambi kwenye birika kama mwanzo, wakasubiri wameshikana mikono kama watoto. Kioo kikawaka, kikadai neno la siri, kikazima. Kikawaka tena, kikadai tena, kikazima.

"Akitaka kuingia sasa, aombe kazi kwanza," fundi alisema, na mfamasia akacheka mpaka akakaa chini.

Simu ikaita. Alikuwa mama, sauti changamfu kuliko ilivyokuwa tangu alazwe.

"Mwanangu, kwa nini umemfungia dada yako?"

"Mama, unasema nini?"

"Yuko hapa kitandani kwangu. Miguu imejaa udongo, na shuka lote ameshalichafua. Anasema kule kwako umemfungia, basi dawa ameniletea mwenyewe. Nesi alikuwa ameisahau hapo pembeni."

"Mama, usimeze. Mama, iteme."

"Amenishikia na maji," mama alisema. Mfamasia akasikia glasi ikigonga meno.