Cherehani Iliyotekwa Matangani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Maua aliteka maji bombani, akafagia baraza, kisha akamtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Macho ya Bibi Mwanamkuu yalikuwa yamechoka, lakini mikono ilikuwa bado ya fundi. Nusu ya mtaa wao wa Gongoni ilivaa nguo zilizoshonwa na yeye na marehemu mumewe, Mzee Selemani.

Siku hizi Bibi alishona kwa mkono. Cherehani haikuwepo. Ilichukuliwa siku ya matanga ya Mzee Selemani, na Maua hakujua aseme imeibwa au imechukuliwa kwa utani tu.

Mzee Selemani alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo yao. Kwa hiyo msibani watani walifika na vituko vyao. Mmoja alilala mlangoni, akaapa kwamba jeneza halipiti mpaka apewe uji. Mwingine, Bwana Raymundi wa nyumba ya jirani, alijitwika cherehani kichwani akipiga kelele, "Mzaramo kafa, mali yangu hii!" Waliokuwa wakilia wakacheka, na ndiyo kazi ya watani. Desturi inataka kitu kilichotekwa kikombolewe, basi Bibi akatoa jogoo mwekundu. Raymundi akampokea, akamchinja, akamla. Cherehani haikurudi.

Shida ni kwamba Raymundi hakuwa mtani tu. Alikuwa pia balozi wa nyumba kumi. Bibi alipomwendea kama mtani, alijibiwa na balozi: "Mama, huu ni wakati wa Ujamaa. Cherehani hii itaushonea mtaa mzima." Alipomwendea kama balozi, alijibiwa na mtani: "Wee Mzaramo, huna haya kumdai bwana wako?" Na huo mtaa mzima, Maua alipochungulia dirishani kwake, ulikuwa mke wa Raymundi peke yake, akishona magauni ya kuuza.

Nyumbani mambo yaliharibika. Wateja wa sare za shule walikwenda kwa mafundi wengine. Bibi akaanza kusema kwamba Maua aache shule, aende Kaliua kwa shangazi yake akasaidie shambani. Maua alilia chini ya kanga ili Bibi asisikie.

"Bibi, twende kwenye Kamati ya Haki," alisema siku moja.

"Kamati? Kamati si ya mbuzi ile?"

Hakukosea sana. Kwa miaka mingi Kamati ya Haki ya Mji ilisuluhisha majirani tu: mbuzi wa huyu kala mihogo ya yule, mwenye mbuzi aombe radhi, watu waende nyumbani. Na kila shauri lilipitia kwanza kwa balozi. Lakini mwaka ule, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, gari la kipaza sauti lilizunguka mjini likitangaza kwamba Kamati sasa itasikiliza hata malalamiko ya wananchi juu ya viongozi wao. Watu walisikia vizuri. Kuelewa ndiko kulikokuwa kugumu.

Bibi alielewa nusu. "Haya, nenda kwa balozi," alisema. "Mwambie tunataka kumshitaki, atupe ruhusa. Hatuwezi kumruka, ni mkubwa wetu."

Maua akaenda kama alivyotumwa. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta nini?"

"Bibi anaomba ruhusa ya kukushitaki."

Raymundi alicheka mpaka akakohoa. "Ruhusa hakuna! Tena nani kakwambia utani unashitakiwa?"

Maua alirudi kichwa kimevurugika kabisa. Je, Kamati inasikiliza utani? Je, balozi anaweza kukataa kushitakiwa? Akamuuliza rafiki yake Zamda, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata kwa jambo asilolijua.

"Kamati hii mpya haitaki habari za jogoo," alisema Zamda. "Inataka mambo mazito. Sema alimpiga bibi yako. Hapo watakusikiliza!"

Siku ya Kamati Maua alimshika Bibi mkono, wakaenda moja kwa moja bila ruhusa ya mtu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Khole, mwanamke wa mtaa wa Cheyo kutoka ukoo wa Waarabu wafanyabiashara, mwenye sauti ya chini. Raymundi naye aliitwa, akaja akaketi mbele akitabasamu.

"Sema, binti," alisema Mwalimu Khole. "Usiogope."

Maua aliogopa sana. "Alichukua cherehani ya Bibi," alianza. Akaona mjumbe mmoja anapiga miayo, akaongeza haraka, "na alimpiga Bibi! Alimpiga mpaka akaanguka!"

"Maua!" Bibi alishtuka. "Nani kanipiga mimi?"

Raymundi akasimama. "Ndugu wajumbe, mmesikia wenyewe. Mtoto huyu mwongo, na hayo ya cherehani ni uongo vilevile. Naomba shauri lifutwe!"

Wajumbe wakaanza kunong'onezana, na wawili wakatikisa vichwa kukubali. Maua aliona shule inampotea mbele ya macho yake, na safari hii kwa mdomo wake mwenyewe.

"Hakumpiga!" alisema huku akilia. "Nimesema uongo. Nilidhani hamtasikiliza habari ya jogoo. Lakini cherehani alichukua, na jogoo alikula."

Mwalimu Khole akamgeukia Raymundi. "Jogoo gani?"

"Jogoo wa utani tu, Mwalimu," Raymundi alicheka. "Wa kukombolea."

"Ulimla?"

"Nilimla! Mtani hakatai."

"Basi utani uliishia kwenye mifupa ya jogoo," alisema Mwalimu Khole. "Kilichokombolewa kinarudishwa. Tangu siku ile umekaa na cherehani kwa nguvu ya ubalozi, na hilo ndilo jambo letu siku hizi. Irudishe leo."

Jioni ile Raymundi alileta cherehani mwenyewe, bila kelele na bila utani. Safari ya Kaliua haikutajwa tena.

Maua alikuwa akiifuta vumbi kwa furaha Bibi alipomwita. "Kesho kabla ya shule utakwenda kumwomba radhi Bwana Raymundi."

Maua alidhani hakusikia vizuri. "Yeye? Aliyetudhulumu?"

"Alinidhulumu cherehani, na amerudisha. Hakunipiga. Wewe umesimama mbele ya watu ukampa kosa lisilo lake. Hiyo nayo ni dhuluma, mwanangu. Kama ile Kamati ingekuamini, leo angekuwa yeye ndiye anayetafuta haki."

Hilo Maua hakuwa amelifikiria kabisa.

Asubuhi alisimama mlangoni kwa Raymundi, uso chini. "Shikamoo, babu. Nisamehe. Nilikusingizia."

Safari hii Raymundi hakucheka.

"Marahaba," alisema. "Nami mwambie bibi yako anisamehe." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Ngoja nivae viatu, nije nimwambie mwenyewe."