Masikio Mawili ya Bibi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mambo yalikuwa kinyume siku Obiajulu alipokwenda na binti yake Olaedo kununua spika za sebuleni katika soko moja la Enugu. Muuzaji alizisifu spika mbili kubwa za mbao mpaka koo likamkauka. Olaedo, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuzitazama. Alitaka seti ya spika sita za kuzungushia chumba, kwa sababu kwa kina rafiki yake Somtochi ilikuwapo seti kama hiyo, na radi ya kwenye filamu ilipiga nyuma ya kisogo cha mtazamaji. Alimng'ang'ania baba yake mpaka akakubali.

"Ichunge hii ndogo ya katikati," muuzaji alimwambia akifunga boksi. "Hii ndiyo mdomo. Maneno ya watu hutokea hapa. Zilizobaki ni za muziki na vishindo."

Nyumbani, Bibi Nwanyieke, mama yake Obiajulu, alizihesabu kwa kidole. "Mungu kanipa masikio mawili, mwanangu. Hizo nne nyingine utamvisha nani?"

Kila Jumapili baada ya kanisa na wali, Olaedo na Bibi walikaa bega kwa bega kutazama filamu za Kiigbo. Baba na mama walipenda kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha. Bibi hakujua kusoma. Yeye alifuata kwa masikio, akiwagombeza wake wenza waovu kama majirani zake.

Siku ya tatu, Olaedo alikuwa akipangusa vumbi. Aliivuta ile spika ndogo apate nafasi ya maua ya plastiki, na waya wake ukakatika. Alitazama huku na huku. Akaisukuma spika mahali pake na kuuficha waya nyuma.

Jumapili radi ilitikisa vikombe kabatini, lakini sauti za watu zilififia kama zatoka nyumba ya jirani. Baba na mama walisoma maandishi na kusifu radi. Bibi aliuliza, "Kasemaje?" Akauliza tena, na tena.

Kufikia Jumapili ya tatu, Obiajulu alikuwa akimjibu mama yake kwa kelele, kama mtu anayeita mbuzi. Alimwambia mkewe kwamba masikio ya mzee yamekwisha, hawezi kuachwa nyumbani peke yake na jiko la gesi. Wakaamua arudishwe kijijini kwenye jiko la kuni, ingawa nyumba yake huko haikuwa na mtu. Olaedo aliyasikia yote. Alijua kwamba Bibi, akiwa uani, husikia kifuniko cha kopo la sukari kikifunguliwa jikoni. Akanyamaza.

Kwao, kitu kipya hakikai ndani bila kuoshwa kwa vinywaji. Jumamosi mchana Obiajulu aliwaita wanaume wa rika lake waje kuziosha spika. Walikula nyama ya mbuzi yenye pilipili, wakanywa, wakatazama filamu. Sanduku la Bibi lilikuwa limekwisha fungwa, limesimama nyuma ya mlango.

"Kasemaje?" Bibi aliuliza.

"Obi, mnunulie mama masikio ya dukani," mgeni mmoja alisema, na chumba kizima kikacheka.

Bibi alisimama. "Ninyi mnasoma. Haya, fumbeni macho, mniambie huyo mwanamke anasema nini."

Wachache walifumba kwa mzaha. Walitega masikio, wakaambulia vishindo tu.

"Basi kiziwi ni hicho kidude," Bibi alisema, "na mjinga ni aliyekinunua ili aonekane."

Obiajulu alisimama, uso umemwiva. Alimwambia mama yake awaombe wageni radhi, kisha aende chumbani akangoje gari.

Olaedo alilitazama lile sanduku. Aliivuta spika ndogo, na waya uliokatika ukaning'inia mbele ya watu wote.

"Ni mimi, Baba. Niliukata nikipangusa vumbi. Bibi haumwi masikio."

Obiajulu aliumenya waya kwa meno na kuuunga. Sauti ya mwigizaji ikajaa chumba, kila neno mahali pake. Olaedo alisogea kukaa karibu na Bibi kama kawaida, lakini Bibi hakumpisha.

"Waya kukatika si dhambi," Bibi alimwambia. "Ungesema siku ile, waya ungeungwa kwa dakika moja. Lakini umekaa majuma matatu ukinitazama nikiitwa kiziwi. Kosa ukilificha, mjukuu wangu, halipotei. Humtafuta mtu wa kulibeba, na hukimbilia asiye na wa kumtetea."

Olaedo aliomba radhi akilia. Baba yake aliliinua sanduku na kulirudisha chumbani, kisha akaja kuchuchumaa mbele ya kiti cha mama yake.

"Huendi popote, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hawa ni wageni wangu. Waambie neno moja tu la radhi, yaishe."

"Siombi," Bibi alisema. "Sogea, unaniziba."