Sauti Ndani ya Kioo

Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na msusi alikuwa bado hajanyunyiza maji.

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaingia sebuleni kusukwa, alimhudumia mjusi wake wa kijani, mjusi wa misitu yenye mvua, aliyeishi ndani ya sanduku la kioo chini ya taa ya joto. Alilowesha majani, akaondoa kinyesi, akamshikia panzi kwa kibanio. Na alipokuwa akimlisha, alimnong'oneza yale asiyothubutu kumwambia binadamu. Mumewe alikuwa safarini kikazi. Nyumbani walibaki yeye na mama mkwe, mgonjwa wa miguu, wa kuinuliwa na kuogeshwa. Mbele za watu alimwita "mama yangu mzazi", na majirani walimsifu hadi kichwa kikavimba.

Asubuhi ile mjusi alimkataa panzi. Alibandika tumbo kwenye kioo, koo likimcheza, mdomo umefumba. Sandukuni ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. Msusi akaigusa taa. Ilikuwa baridi.

Mchana alikuwa akimsuka mama mkwe, mteja mmoja akisubiri zamu, sauti ilipotoka ndani ya kioo.

"Kizee hiki kitakufa lini nipumue?"

Mteja akacheka, akidhani ni redio, kisha akamtazama msusi, kwa maana sauti ilikuwa ya msusi mwenyewe, na kitana kilikuwa kimemganda mkononi, na midomo yake haikuwa imetikisika, na sauti ikarudia maneno yaleyale polepole, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mteja akaokota viatu vyake, akatoka pekupeku.

Mganga alipoletwa, hakuvuka kizingiti.

"Jini huyu hana neno lake," alinong'ona. "Anatapika alicholishwa. Ukimziba, atahamia kinywani mwako. Anayesemwa ndiye atakayemtoa, akisikiliza mpaka mwisho."

"Haiwezekani," msusi akasema. "Mama ataumia."

"Nisogeze kwenye kioo," akasema mama mkwe.

Akasogezwa. Akaweka mikono mapajani.

"Haya, sema."

Jini likasema. Likasema harufu ya mashuka ya mama mkwe, likasema mchuzi uliotiwa chumvi kusudi, likasema ile siku alipoanguka bafuni akaita na kuita, na mkwewe jikoni akaongeza sauti ya redio mpaka wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, na joto likazidi sebuleni, na msusi akajifunika uso kwa kanga, akatamani sakafu immeze.

"Kumbe ulinisikia," mama mkwe akasema taratibu.



Kioo kikapasuka kwa mlio mkali. Upepo wa moto ukapita kati yao, ukainua pazia, ukatoka. Harufu ikakatika. Mjusi akapepesa jicho, akashuka tawini, akamdaka panzi wa asubuhi.

Mganga akaenda zake. Mama mkwe akageuza kichwa chake, upande umesukwa, upande uko wazi.

"Nimalizie."

Msusi akapiga magoti nyuma yake.

"Mama, nisa—"

"Suka. Kuishi tutaishi, sina pengine pa kwenda. Ila hilo neno 'mama' liweke kando kwanza."

Akasuka hadi jioni, akishukuru kwamba kisogo hakina macho.