Watu wa Geti la Nyuma

Ijumaa ile treni ya kutoka Sydney iliwamwaga watu stesheni ya Newcastle kama kawaida yake: wazee na vigari vyao vya sokoni, wanafunzi walioziba masikio kwa muziki, wanawake wa ofisini wanaotembea huku wanavaa viatu. Joto la Januari lilikuwa limeshailainisha lami ya Scott Street. Renae Stojanov, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani, nywele zimebanwa juu kwa kalamu ya wino, alikuwa mlangoni pa tiketi akiwapitisha, huyu anamtania, yule anamuuliza goti linaendeleaje. Katikati ya njia akamwona mwanaume amesimama kama nguzo, shati la samawati limenyooka kwa pasi, mkononi ana kidude cha chuma anakibonyeza: ta, ta, ta.

"Kaka, hapo ulipo ndipo vigari vya watoto vinapopita."

"Dakika mbili tu, dada."

"Dakika mbili utakuwa umeshakanyagwa."

Hakukanyagwa na kigari. Alikanyagwa na mama mmoja mnene aliyebeba sanduku la barafu, na sanduku likafumuka, na kilo tatu za kamba wabichi zikatawanyika sakafuni. Renae na yule mwanaume wakainama pamoja, vichwa vikagongana, ko. Mwanaume alipoinuka ana kamba kila mkono, uso umemwiva kwa aibu.

"Umenipotezea hesabu," akasema. "Nilikuwa mia moja na kumi na saba."

"Andika mia moja na kumi na saba na kamba sitini."

Akacheka kicheko cha mtu aliyekuwa hajacheka tangu Jumatatu. Jina lake Damian Frawley, mzaliwa wa hapahapa Newcastle, ila kazi ilikuwa imempeleka Sydney miaka tisa. Akamwambia anahesabu abiria kwa ajili ya utafiti wa serikali ya jimbo. Ilikuwa kweli tupu. Lakini pale stesheni wahesabuji huja kila mwaka, watu wa ratiba, wakiondoka treni mbili zinaongezwa au mbili zinapunguzwa, na maisha yanaendelea. Renae hakuuliza zaidi. Damian, akiwa ameshayaona macho ya Renae, hakuongeza.

Alisimama pale siku nne. Siku ya nne alimletea Renae pai ya nyama ya moto na akaisahau sosi, wakagombana kuhusu sosi, na ugomvi huo ndio uliowafikisha bandarini Jumapili, samaki na chipsi kwenye karatasi, wakifukuza shakwe, Renae ndani ya gauni la manjano la mikanda myembamba. Kaylene wa dirisha la tiketi, ambaye hakuna kitu mji huu kinatokea asikijue, alisema gauni lile mtu halivai kwa mwanaume wa kupita.

Damian alikuwa amepanga chumba mashariki ya mji, hatua chache kutoka stesheni ya mwisho, hiyohiyo ya Renae. Renae alikuwa akiishi Broadmeadow na baba yake, mzee Risto. Kati yao vituo vinne vya treni, kwa hiyo treni ndiyo iliyowalea. Mchana Damian alikuwa anampigia simu saa ya chai na kuigiza sauti ya kipaza sauti: abiria Renae, abiria Renae, mpenzi wako wa saa kumi na moja atachelewa dakika sita, kuna foleni ya kunyoa ndevu. Naye anamjibu kwamba shirika halirudishi nauli.

Jambo moja tu hawakuligusa, na ndilo jambo ambalo mji mzima ulikuwa unalila na kulilalia: reli ing'olewe katikati ya mji au ibaki. Waliotaka ing'olewe walisema ni ukuta, umeutenga mji na bandari yake, maduka ya Hunter Street yanakufa yamesimama. Waliotaka ibaki walisema mnawagawia wajenzi wa maghorofa ardhi ya watu. Majirani walioazimana ngazi miaka ishirini waliacha kusalimiana. Kule Hamilton ndugu wawili vinyozi waliligawa duka: viti vya dirishani vya wanaobakiza, vya ukutani vya wanaong'oa, ukikosea kiti unanyolewa vibaya. Renae alivaa beji ya wanaobakiza mpaka kwenye nguo ya kuogelea. Damian kila mada ilipozuka alikuwa anaomba chumvi. Renae akadhani amepata mwanaume asiyependa makelele.

Mwezi wa sita ripoti ikatoka gazetini. Kaylene aliisoma kwa sauti kwenye chumba cha chai: watu wanaoteremka stesheni ya mwisho ni wachache kiasi kwamba mabasi machache yanatosha kuwabeba. Akafika chini, akasita, akamsogezea Renae gazeti bila kusema kitu. Hesabu ilifanywa na D. Frawley.

Renae alitoka nje, akasimama nyuma ya pipa la taka, akapiga simu.

"Sema si wewe."

"Ni mimi. Nilikuambia nahesabu abiria."

"Uliniambia unahesabu. Hukuniambia unatupima jeneza."

"Renae, kipenzi..."

"Jina langu usilibandike kitu."

Damian naye akawaka. Shangazi yake, Maureen, aliuza viatu Hunter Street miaka thelathini na moja, macho yake yakitazama uzio wa reli. Mteja aliyekuwa bandarini aliweza kuviona viatu dirishani, lakini kuvifikia mpaka azunguke, na watu hawazunguki. "Alifunga duka mwezi wa tatu mwaka jana, mwezi wa tano tukamzika. Ndiyo, nataka ing'olewe. Lakini sikuongopa hata kichwa kimoja."

"Umeongopa nusu ya vichwa. Ninawaona kila siku, Damian. Nina macho."

"Na mimi nina mashine."

Renae alikata simu. Kisha akafanya kosa la mtu mwenye hasira na kalamu: alimwandikia mhariri barua, akamtaja Damian kwa jina lake kamili, akamwita mwongo wa kukodiwa. Ilitoka Jumamosi. Jumatatu mji ulikuwa umeshahukumu. Mkahawa wa chini ya chumba cha Damian ukamwambia kahawa imeisha, na mtambo unakoroma palepale nyuma ya muuzaji. Mtu akamtilia samaki aliyeoza kwenye sanduku la barua. Na kila akiingia baa, walevi wanainua vidole: "Moja. Andikeni sifuri."

Kaylene alipomsimulia hilo la baa, Renae alicheka mpaka akashika mbavu. Mara ya pili aliposimuliwa alitabasamu tu. Mara ya tatu alisema ana kazi.

Sasa, mwisho wa jukwaa namba moja, nyuma ya banda lililokuwa la vifurushi, kulikuwa na geti dogo la chuma. Vifurushi viliacha kuja Renae akiwa shule, na kanuni inasema geti likae na kufuli. Lakini bwana stesheni aliyestaafu alimwachia Renae ufunguo kwa kumnong'oneza: fungua saa moja asubuhi, funga saa nne, watu wa kuogelea watakuombea dua. Maana ukitokea mbele kwenda ufukweni unazunguka jengo zima na jua usoni. Basi akawa analifungua kila asubuhi, halafu anakwenda zake mlango wa mbele kukagua tiketi. Miaka kumi na moja. Alilifungua kama mtu anavyofungua macho, hata halikuwa tena jambo.

Asubuhi moja ya Septemba, mzee mmoja mwenye taulo shingoni alimshukuru alipopita. "Bila wewe, binti, tungekuwa tunatokea kule mbele kama watalii."

Kule mbele.

Renae alibaki ameshika kufuli. Wakapita vijana na mbao zao za kuteleza juu ya mawimbi, wakapita wauguzi, wakapita makarani wa mahakama na suti zao begani. Akaanza kuhesabu kwa vidole kwenye paja. Treni moja, watu sabini na wanne. Hakuna hata mmoja aliyepita pale Damian aliposimama na kidude chake siku nne, na banda lote hilo katikati limemziba. Hakuongopa. Aliwahesabu wote aliowaona, na waliobaki walifichwa na mkono huu huu wenye ufunguo.

Kaylene alipoambiwa, alifunga mlango wa chumba cha chai. "Shoga yangu, funga mdomo na geti, vyote viwili. Ukisema, kazi huna. Na wenzetu watakuuliza ulikuwa wapi tangu Januari."

Mzee Risto, aliyemimina chuma kilichoyeyuka miaka ishirini na sita mpaka kiwanda kilipofungwa, alikuwa amepiga marufuku jina la Frawley mezani kwake. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho huku akikata pilipili hoho.

"Ile barua ya gazetini uliweka jina lako?"

"Niliweka, baba."

"Na jina lake?"

"Na lake."

"Haya," akasema, akaendelea kukata.

Mkutano wa hadhara kuhusu reli ulikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, ukumbi wa jiji umejaa mpaka kwenye ngazi. Kila msemaji dakika tatu, taa ya kijani, kisha nyekundu. Jukwaani Damian ameketi kando ya bosi wake, amekonda, shati ni lilelile la samawati ila pasi halijaiona. Alipotambulishwa, safu ya nyuma ikaitikia kwa pamoja: "Moja. Andikeni sifuri." Ukumbi ukaangua kicheko. Damian akatazama meza.

Renae alipoitwa, upande wake ulimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Alivaa gauni la zambarau lenye mikono mirefu, na wenye macho waliona kwamba beji hana.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba huyu bwana ni mwongo," alisema. "Si mwongo. Aliwahesabu wote waliopita mbele yake. Wengine niliwapitisha mimi, geti la nyuma, kwa ufunguo ambao sikutakiwa kuwa nao, kila asubuhi, miaka kumi na moja. Ningelifunga siku zile nne, angewaona. Namwomba radhi mbele yenu kwa sababu nilimtukana mbele yenu."

Akakaa, taa bado ya kijani. Safu ya tatu msimamizi wake wa kazi aliandika kitu kwenye daftari dogo. Jukwaani bosi alimwinamia Damian sikioni, na ingawa hakuna aliyesikia, kila mtu alielewa: aseme hao wa nyuma ni waogeleaji tu, hawana uzito. Damian alijitenga naye, akasogeza kipaza sauti.

"Kama ni hivyo, hesabu yangu ina kasoro. Jina langu liko chini yake. Naomba iondolewe mpaka irudiwe." Wanaobakiza wakaanza kushangilia. Angenyamaza hapo wangembeba juu. Lakini huyu naye akaongeza, "Na bado nasema reli ing'olewe."

Akazomewa na pande zote mbili kwa mara moja. Lilikuwa jambo la kwanza mwaka ule ambalo mji wote ulikubaliana.

Nikuambie mapema usije ukangoja bure: hesabu haikurudiwa. Tarehe ya Desemba ya kuikata reli ilishapangwa, na ilibaki palepale.

Damian alimkuta Renae nje kwenye ngazi, ameketi na viatu mkononi. Msimamizi alikuwa ameshampitia na kumwambia Jumatatu aje bila sare.

"Umepoteza kazi," Damian alisema.

"Na wewe."

"Mimi bado hawajaniambia."

"Watakuambia. Bosi wako alikuwa na sura ya mtu aliyemeza kifungo cha shati."

Akakaa ngazi moja chini yake, kwa tahadhari, kama anayekaa karibu na jiko. "Yule samaki wa sanduku la barua alikuwa wako?"

"Hapana. Mimi niliandika barua tu."

"Barua ndiyo iliyonuka zaidi."

"Najua. Nimeshakuomba radhi mbele ya mji mzima, unataka nipige magoti?"

"Hapana." Akakigeuza kiatu kimoja cha Renae, akakiangalia soli kama mpwa wa muuza viatu. "Mimi nilijua siku ile ile ya kamba. Nilijua ukishajua nahesabia nini, hutanipa hata njia. Nikanyamaza miezi mitano. Hilo ni langu."

"Ni lako kabisa."

Watu walikuwa wanatoka, wengine wakiwatupia macho makali, mmoja akimtemea Damian mate karibu na mguu. Wao wawili hawakusogea.

"Bado unataka ing'olewe," Renae alisema.

"Bado."

"Nakuchukia kwa hilo."

"Najua."

"Sitaacha. Usije ukasema hukuambiwa." Akavaa kiatu kimoja. "Na Desemba wakishaikata, mimi basi sipandi. Vituo vinne kwa basi, nisimame kwenye jua nikimngoja mwanaume. Sipandi."

"Kwa hiyo ndiyo tumeachana."

"Nani kataja kuachana? Nimesema basi sipandi. Hamia Broadmeadow."

"Kwa mzee Risto? Ataniua."

"Atakuua ukija na sanduku bila ndoa. Ukija na ndoa atanuna tu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wa Damian ukaanza kumchezacheza pembeni. "Atanuna muda gani?"

"Mume wa dada yangu, baba alimnunia miaka minne. Na yule ni fundi reli."

"Jumapili nije saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Pilipili hoho zilizojazwa nyama. Usitaje shangazi, usitaje uzio, usitaje hesabu."

"Sasa nitaongea nini?"

Renae alisimama, akakung'uta gauni, akaanza kushuka ngazi bila kugeuka.

"Hutaongea. Utakula."