Kilo Hamsini na Nne

Wewe unayejisifu kwamba gari lako unalijua nje ndani, umewahi kuliuliza linambeba nani usipokuwepo?

Mshonaji aliuliza. Wiki nzima, kila alipoingia kwenye gari la mumewe, kiti cha abiria alikikuta na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Na mume akiliondoa peke yake, mkewe aliisikia kutoka mlangoni kengele ya mkanda: ting, ting, ting.

"Waya tu, mke wangu."

Waya gani unaonukia waridi?

Basi siku aliyopewa gari alipeleke kubadilishwa oili, akanyoosha kwa Injinia. Jina la kejeli hilo. Digrii anayo, ajira hana. Maombi ya kazi ametuma mpaka mwenye printa anamwita binamu. Sasa anasoma magari kwa kimashine kinachochomekwa chini ya usukani na kumwambia gari linaumwa wapi.

"Namtaka mwanamke anayekaa hapa," mshonaji alisema.

"Shemeji, mimi natibu magari. Ndoa ni wodi nyingine."

"Chomeka."

Akachomeka. Tarakimu za uzito wa kiti cha abiria zikapanda, taa ya mkanda ikawaka, kengele ikaanza: ting, ting. Injinia akakohoa. "Toa mkoba kitini."

"Mkoba ninao begani."

"Basi yupo mtu. Kilo hamsini na nne."

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, gereji nzima ikigonga nyundo na kubishania mpira, na pale kwenye kiti kitupu, taratibu, kama unga unaobonyezwa kwa kiganja, kitambaa kikazama, kikatanuka, waridi likaifunika harufu ya grisi, na jicho la mshonaji, lililozoea kupima miili kabla mkono haujashika futi, likapima lenyewe bila kuombwa: nyonga, inchi arobaini na mbili. Zake mwenyewe thelathini na sita. Hata hapo, wivu ukapata nafasi ya kumchoma.

"Jini mahaba," Injinia alinong'ona. "Amempenda mumeo."

"Tangu lini? Wanakwenda wapi? Fungua kumbukumbu."

Akabonyeza. Kioo kikajibu kwa kizungu chake: access denied, hairuhusiwi.

"Kila kitu kimo humu, shemeji. Ila walioliunda wamekifunga, nywila wanayo wao. Gari lenu, siri yao."

"Basi mfute."

Injinia akafanya wafanyalo mafundi wote: akafuta kosa. Kwao, taa ikizima, gari limepona. Na taa ikazima. Kengele ikanyamaza.

"Ameondoka?" mshonaji akauliza kwa sauti ya chini.

Injinia alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa akiutazama mkanda wa kiti cha abiria, uliojivuta wenyewe polepole kutoka pembeni, ukapita juu ya kifua kisichoonekana, ukashuka mpaka kwenye kishikizo chake. Ka.

"Hajaondoka," alisema. "Amefunga mkanda."

Simu ya mshonaji ikaita. Mumewe.

"Limepona? Kesho alfajiri nina safari ndefu."

"Na nani?"

"Peke yangu, kwani na nani?"

Haya, nyinyi mlioliunda, mnaoikalia nywila kwenye maofisi yenye viyoyozi: ifungueni kumbukumbu hiyo leo, kabla alfajiri haijafika. Hatutaki siri zenu za biashara. Tuambieni alipandia wapi huyo, na amepanga kushukia wapi na mume wa mtu.