Breki Zilikuwa Nzima

"Kule mlimani usiende," alisema mgonjwa kutoka kitandani. "Nakuomba. Mwambie bosi akupe kazi nyingine."

"Nyingine ipi, mpenzi? Mzigo mpya umeingia, baiskeli za mlimani tupu. Wewe ndiye uliyekuwa unazijaribu, na ndiyo hivyo umelala. Nani mwingine aende?"

"Yeyote. Lakini si wewe."

Dukani walimwita Mshale, maana akipanda baiskeli ya mbio kwenye lami, humwoni mara mbili. Kazi yake ilikuwa kujaribu baiskeli mpya za barabarani kabla hazijauzwa: kusikiliza gia, kupima usukani, kuwatoa wateja mzunguko mmoja wajionee wenyewe. Mchumba wake ndiye aliyekuwa bingwa wa zile za mlimani, zenye matairi mapana ya meno. Harusi ilikuwa imeshapangwa. Siku moja akaporomoka njiani akijaribu baiskeli, uti wa mgongo ukavunjika, na miguu haikuamka tena.

Aliyebebeshwa lawama ni fundi wa duka. Huyo fundi alikuwa kaka yake Mshale, tumbo moja, na tangu wazazi wafariki hakuwa na ndugu mwingine.

"Breki hazikushika," mgonjwa alisema hospitalini mbele ya bosi. "Fundi hakuzikaza."

Fundi akafukuzwa. Mshale hakutaka hata kumsikiliza. Alimtupia maneno ambayo mtu hamwambii adui yake, akahamishia nguo zake kwa mchumba, akawa muuguzi: kumlisha, kumwosha, kumgeuza asipate vidonda. Majirani walimsifu kwamba hilo ndilo penzi. Yeye alijua tu kwamba anaamka kila asubuhi amechoka kuliko alivyolala.

Simu ikaita. Bosi.

"Mshale, uko wapi? Kuna mteja hapa, mwanamke ana haraka kama anafukuzwa. Anataka kuijaribu ile nyekundu ya mlimani. Fuatana naye, usimwache peke yake."

"Nakuja, bosi."

Mgonjwa aligeuzia uso ukutani.

Mteja alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, glavu mkononi.

"Dada, wewe mgeni hapa? Zamani sikukuona."

"Nilikuwa upande wa barabara. Huku mlimani nabahatisha."

"Basi tutabahatisha wote!"

Walipanda. Mshale aliushika usukani kwa nguvu. Lami na mawe si ndugu. Kila mzizi ulimrusha kwenye kiti. Lakini yule mteja alibadilisha gia kabla ya kila mwinuko, kama mtu anayetembea sebuleni kwake.

"Njia unaijua, dada," Mshale alimwambia walipoanza kushuka.

"Nimekuja mara kadhaa. Hapo mbele punguza mwendo, kuna kona. Bana kulia, ukikikaribia kile kisiki umekwisha. Ndicho alichogonga yule kijana wenu, maskini."

Mshale alifunga breki. Baiskeli ikasimama palepale, hata ikataka kumrusha.

"Nani kakuambia habari ya kisiki?"

"Nilisikia tu. Watu wanasema."

"Watu gani? Mkata kuni alimkuta kule chini bondeni. Alikuwa peke yake. Kisiki hakuna aliyewahi kukitaja, hata yeye mwenyewe."

Yule mwanamke alivua helmeti, akaivaa tena.

"Basi labda nimechanganya."

"Dada, mimi ndiye ninayemwosha. Mimi ndiye mchumba wake. Niambie."

"Mchumba?" Uso ukamshuka. "Aliniambia mmeachana kitambo."

Upepo ulipita majanini. Mshale aliuliza, polepole:

"Ilikuwaje?"

"Alikuwa ananichekesha. Anashuka ameachia usukani, mikono yote miwili juu. Mimi nyuma nampigia kelele, tena, tena!"

"Na breki?"

"Breki gani? Hakuzigusa, dada. Mikono ilikuwa hewani."

"Ukamwacha?"

"Aliniambia mwenyewe, nenda, wasikukute hapa. Mimi nina mume. Nikaogopa, nikaondoka." Alianza kulia. "Sikuwa na pa kumuulizia. Baiskeli hii ni kisingizio tu. Nilidhani nikija nitamkuta amepona."

Mshale hakulia. Alishuka, akaikokota baiskeli mpya kwa miguu mpaka dukani, kama anayetoka mazikoni.

*

"Mbona mapema?" mgonjwa aliuliza. "Ikoje ile nyekundu?"

"Breki zinashika."

Akavuta kiti, akaketi karibu na kitanda.

"Nimempata mteja wako kule mlimani. Jibu swali moja tu. Mikono yako ilikuwa wapi?"

Alifumba macho. Machozi yakamtelemkia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

"Juu," alisema.

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako alituona. Akaniambia, mwambie dada yangu wewe mwenyewe, la sivyo nitamwambia mimi. Nilipoanguka nikaona nikimtaja yeye kwanza, hata akisema hutamwamini."

"Na kweli sikumwamini."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ungesema jiwe! Ungesema mvua, ungesema mbuzi kakatiza njia! Dunia imejaa vitu vya kusingizia, wewe ukamchagua mtu pekee niliyebaki naye?"

"Nisamehe. Bila wewe mimi ni maiti."

"Najua. Ndiyo maana inaniuma hivi."

Akatoka barazani, akampigia simu mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa hajambo?"

"Naomba uje ukae na mwanao. Leo hii."

"Kuna nini tena?"

"Njoo tu, mama. Atakueleza mwenyewe. Ulimi wake haukuvunjika."

Wakati wa kumgeuza ulifika kabla mama hajafika. Mshale alisimama mlangoni kwa muda, akimtazama mtu ambaye hawezi hata kumkimbia. Kisha akaingia. Alimshika bega na nyonga kama siku zote, akamlaza kwa ubavu, akamwekea mto katikati ya magoti asijichubue. Mgonjwa akamng'ang'ania mkono. Mshale akaubandua taratibu, kidole kwa kidole, akamfunika shuka. Mama mkwe alipobisha hodi, mkoba ulikuwa tayari begani.

*

Kaka alikuwa amehamia pembezoni kabisa mwa mji. Hakuna duka lililotaka fundi anayesemwa kuwa amevunja mtu mgongo. Sasa alibeba matofali kwenye ujenzi. Aliyefungua mlango ni mkewe.

"Wifi," Mshale alisema.

"Leo mimi ni wifi? Jana nilikuwa nani?" Hakusogea mlangoni. "Mtoto ameshaota meno, hajui kama ana shangazi."

"Nimekuja kumwona kaka."

Kaka alitoka ndani, saruji imemkauka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda.

"Ulijua," Mshale alisema.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia. 'Mdogo wangu, breki zilikuwa nzima. Kuna mengine, nipigie.' Ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Akainamisha uso.

"Sema. Nataka nikusikie ukitamka kwa mdomo wako."

"Nilikujibu, 'Mimi sina kaka.'"

"Basi, nikakaa hivyo. Kama huna."

Mshale alipiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Nitamwambia bosi kila kitu. Utarudi kazini, kaka. Wote watajua."

"Nirudi nikafanye nini?" Aliinyoosha mikono yake mbele, yenye malengelenge. "Nikishika waya wa breki natetemeka. Unajua kilichoniua ni kipi? Si kufukuzwa. Nyote mlisema sikuzikaza. Mlisema, mkasema, mpaka na mimi nikaanza kuamini. Nilikuwa naamka najiuliza: je, kweli nilikaza? Nimekaa nikijichukia kwa kosa ambalo halikuwepo."

"Nisamehe, kaka."

"Usiniombe hilo leo. Nikikubali nitakuwa nakudanganya."

Aliutazama mkoba ule begani, na viatu vyenye tope la mlimani. Kisha akampisha mlangoni.

"Ingia. Mtoto amelala, usimwamshe."

Mshale aliingia kwa kunyata. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati. Mtoto alikuwa amelala chali, ngumi mbili kando ya kichwa. Alikaa sakafuni pembeni ya kitanda, akajiziba mdomo kwa kiganja, na hapo ndipo kilio kilipomjia, bila sauti, mwili mzima ukitikisika.

Nje alimsikia wifi yake akinong'ona:

"Umemruhusu? Baada ya yote?"

Kaka alikwangua saruji kwenye nyusi.

"Atakwenda wapi?" alisema.