Mifupa Isiyo na Uboho

Jumatatu ile Jovitha alipasua mfupa wa makongoro akakuta hauna uboho. Akapasua wa pili, na wa tatu. Yote mikavu ndani, kama imeshafyonzwa, na nje haikuwa na hata ufa. Akamlaumu muuza nyama wa Butimba, maana wauza nyama hulaumika kirahisi, akachemsha hivyo hivyo. Supu ilikuwa ya Odeta, bintiye wa miaka tisa, aliyevimba paja la kushoto.

Hospitali walidhani mfupa wake umeingiwa na wadudu wa ugonjwa. Wiki sita za sindano, homa haikushuka. Daktari Kashaija akavuta majimaji ya mfupani, akayapeleka maabara. Hakikuota kitu, hata mdudu mmoja.

"Mama Odeta, naogopa kupasua," alisema, akiinua picha ya eksirei dirishani. "Kuna ugonjwa wa kurithi. Mwili unashindwa kuvunjavunja mafuta fulani, yanajazana kwenye uboho na kwenye bandama, bandama inavimba kama ya Odeta, mfupa unakufa. Kwa macho unafanana kabisa na huu wa wadudu. Nikipasua mfupa wa namna hiyo, mimi ndiye nitakayewaingiza wadudu. Nikiacha, na kumbe ni usaha, tunampoteza mtoto. Damu tumeipeleka nje, majibu ni mwezi. Kwenu au kwa mumeo, kuna aliyewahi kuugua hivi? Upasuaji umepangwa kesho asubuhi."

Kwao Jovitha, Kagera, hakukuwa na mtu. Akarudi nyumbani na Odeta, akamuuliza mama mkwe wake, Tereza. Bibi akasema hakuna, akatazama pembeni.

Mchana ule, jua likiwaka, Jovitha alisikia harufu ya mifupa ikichemka ilhali jiko lilikuwa limezimwa, akaifuata hadi chumbani kwa Odeta, na pale mlangoni akasikia chini ya kitanda mtu anafyonza, taratibu, bila haraka, akinyamaza kila Jovitha alipobana pumzi na kuanza tena kila alipopiga hatua, kisha mguu ukaburutwa sakafuni, mguu mmoja tu, ukija upande wake.

"Mama, usiiname," Odeta alinong'ona. "Anasema yeye ndiye wa kwanza. Anauliza kwa nini bibi hamtaji."

Jovitha alitoka. Tereza alikuwa kizingitini, analia kimya kimya. Alikuwa amesikia.

"Mumeo Shimba alikuwa na dada," akasema kwa sauti ya chini. "Paja hilo hilo, miaka tisa hiyo hiyo. Walimpasua hospitali ya ng'ambo ya ziwa, akafa. Mganga akasema ni jini la mfupa, tumzike pamoja na jina lake. Atakayelitaja, jini linamfuata yeye. Miaka thelathini sijamwita mwanangu."

"Aliitwa nani, mama?"

"Usinitese."

Jovitha akampigia daktari, akamweleza yote.

"Faili lake linaweza kuwepo bado," daktari akasema. "Likipatikana, naahirisha. Jina?"

Tereza akachota majivu jikoni, akayamwaga sakafuni, akaandika kwa kidole. Jovitha alisoma, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, akamfikiria Odeta juu ya kitanda cha upasuaji.

"Kabula," akasema kwenye simu. "Kabula binti Yeremia."

Chumbani kufyonza kukakoma.

Jioni daktari akapiga simu. Faili limepatikana: paja lilipasuliwa, usaha haukuonekana, bandama ilikuwa kubwa kama ya Odeta. Hapasui.

Ijumaa homa ilishuka. Jovitha akapasua mfupa wa supu, na uboho ukamwagika mweupe, tele, hata akalia kwa furaha. Akampelekea Odeta bakuli.

"Ameondoka," Odeta akasema akinywa. "Amekwenda kwa mdogo wangu."

"Huna mdogo, mwanangu."

Alisema hivyo, na mkono wake tayari ulikuwa tumboni. Ilikuwa mimba ya miezi miwili, na hata Shimba alikuwa hajaambiwa.